Teke Dogo, Ulinzi Mkubwa: Rekodi za Kulinda Nyumba, Kuanzia Ngokolo

Kila nyumba inapovunjwa usiku katika kata ya Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga, mazungumzo ya asubuhi yake hufika kwenye swali lilelile: mwenye nyumba angekuwa na bunduki, ingekuwaje? Hapo hufuata swali la pili, na mara nyingi huulizwa na akina mama na wazee: ipo bunduki isiyompiga teke anayeifyatua? Ni swali la haki kabisa. Mjane anayelala na wajukuu hana haja ya silaha itakayomng'oa bega kabla mwizi hajaguswa. Hapa kwetu, kwenye ukanda huu wa almasi ya Mwadui na dhahabu ya Kahama na Geita, jibu lake lina historia ndefu kuliko ile inayojulikana na wauza silaha, na nimeona nilitafute kwenye rekodi: bunduki iliyopiga teke kali kuliko zote, iliyopiga dogo ikafanya makubwa, silaha iliyodumu muda mrefu zaidi, na ulinzi uliokusanya watu wengi kuliko wowote.

Msimamo wangu nautoa mapema. Teke la bunduki halipimwi begani peke yake. Lipo linalompiga mwenye silaha sekunde ileile, na lipo linalorudi baadaye, kupitia dirisha la jirani, mahakamani, au mikononi mwa mtoto aliyeikuta chini ya godoro. Anayetaka silaha yenye teke dogo ayahesabu yote mawili.

Teke kali kuliko yote

Kwa Afrika Mashariki taji hili nampa Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864. Kati ya bunduki alizobeba kwenye safari zake za Mto Nili na Uhabeshi ilikuwamo moja aliyoipa jina la Baby. Ilikuwa na uzito wa kilo 9 hivi, na ilirusha kombora la kulipuka lenye karibu robo kilo. Waarabu waliofuatana naye waliiita mtoto wa mzinga. Baker alikuwa mtu wa miraba minne, lakini mwenyewe aliandika kwamba ilimzungusha mwili mzima kila alipoifyatua, na kwa sababu hiyo aliitumia mara chache sana.

Anayemfuata kwa karibu ni Frederick Selous, aliyeuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, katika vita vya Waingereza na Wajerumani, na kuzikwa hukohuko, katika pori ambalo leo liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ujanani mwake, kusini mwa Afrika, Selous aliwinda tembo kwa bunduki ya kushindilia yenye kipenyo namba 4, iliyorusha risasi ya gramu zaidi ya 100. Siku moja mbeba bunduki wake aliishindilia mara mbili bila kujua. Mlio ulipotoka, Selous alinyanyuliwa kutoka ardhini na kubwagwa. Jambo la kuzingatia zaidi ni alilolisema mwenyewe: alijuta kuzitumia bunduki zile, kwa kuwa teke lake liliharibu utulivu wa neva zake, na ulengaji wake ukaathirika kwa miaka mingi baadaye. Yaani mwindaji maarufu kuliko wote wa zama zake alikiri kwamba mwili hujifunza kuogopa, na ukishaogopa hupepesa macho na kuvuta mtutu pembeni kabla risasi haijatoka. Wakufunzi wa leo wanalijua tatizo hili, na ndilo linalowafanya wampe mwanafunzi mpya silaha nyepesi ya kujifunzia.

Teke dogo lililofanya kazi kubwa kuliko zote

Hapa mshindi anatoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ingawa alizaliwa Uskochi mwaka 1880. W. D. M. Bell, ambaye Wazungu wenzake walimbandika jina la Karamoja Bell, aliwinda huko mwanzoni mwa karne ya 20. Wenzake walibeba bunduki nzito za kaliba .577, risasi moja gramu 48 hivi. Bell alichukua bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo kwa Waingereza ilijulikana kama .275 Rigby, risasi yake gramu 11 tu. Kwa bunduki za namna hiyo aliua tembo zaidi ya 1,000.

Idadi hiyo inauma mtu akiifikiria leo, na sitaisifu. Lakini kama somo la teke, hakuna ushahidi unaoizidi. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, akajizoeza kulenga kila siku hata kwa bunduki isiyo na risasi, na akachagua silaha ambayo mwili wake haukuiogopa. Risasi ndogo iliyofika mahali pake ilimshinda tembo, wakati risasi kubwa iliyopotoka ilimjeruhi na kumfanya amrudie mwindaji.

Hesabu ya teke

Sasa tushuke kwa mtu wa kawaida mwenye kibali mkononi. Teke linatokana na kanuni rahisi ya fizikia: kinachorushwa mbele kinaisukuma bunduki nyuma kwa kiasi hichohicho. Risasi ikiwa nzito na yenye kasi, msukumo unakuwa mkubwa. Bunduki ikiwa nzito, msukumo huo unagawanywa kwenye kilo nyingi, na bega linaona nafuu.

Risasi yenye teke dogo kuliko zote zinazotumika sana ni .22, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1887 na ambayo bado inatengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote. Uzito wake ni gramu 2 na nusu hivi. Mtoto wa shule anaweza kuipiga kutwa nzima bila bega kuwasha. Bunduki ya marisau ya namba 12, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwa walinzi wa benki na wenye mashamba nchini mwetu, hurusha gramu 28 hadi 36 kwa mpigo mmoja, na msukumo wake unazidi wa .22 mara kumi na zaidi. Namba 20 iko katikati, karibu gramu 25, na kwa mtu mwenye mwili mdogo tofauti hiyo anaihisi mara moja.

Risasi ya bastola inayotumika zaidi duniani ni ya milimita 9, aliyoitoa Mwaustria Georg Luger mwaka 1902. Kwenye bastola nzito ya chuma inapiga teke la kuvumilika. Kwenye bastola ndogo ya mfukoni, risasi ileile inaifanya bastola iruke mkononi vibaya. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mume anamnunulia mke bastola ndogo nyepesi akidhani ndogo ni laini, kumbe wepesi wenyewe ndio unaoongeza teke. Anayetaka upole achague silaha yenye uzito, kitako kinacholingana na urefu wa mkono wake, mpira nyuma ya kitako, na risasi za nguvu ya chini. Bunduki za marisau zinazojijaza zenyewe kwa gesi pia hulipunguza teke, kwa sababu sehemu ya msukumo hutumika kuendesha mtambo na kulisambaza kwa muda mrefu kidogo.

Kuna rekodi nyingine humo ndani ambayo wauzaji huipita haraka. Mlio wa bunduki ya marisau unazidi desibeli 150, na sauti ya desibeli 140 inatosha kuumiza sikio kwa mara moja. Ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi chenye bati juu, mwenye silaha na watoto wake watabaki na masikio yanayolia, na kwa dakika kadhaa hawatasikia kama mwizi amekimbia au amezungukia mlango wa uani. Nyumba za Ngokolo zimesogeleana. Mlango wa mbao, dirisha la kioo na kipande cha bati haviizuii risasi ya bastola. Upande wa pili wa uchochoro kuna kitanda cha mtu mwingine.

Silaha iliyodumu muda mrefu zaidi: gobore

Hakuna bunduki iliyokaa Unyamwezini na Usukumani miaka mingi kama gobore. Lilikuja na misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani, na katika miaka ya 1870 Mirambo wa Urambo alijenga dola yake kwa magobore na rugaruga, wapiganaji walioyabeba. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinapita pwani kuingia bara kila mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya, yaliyokuwa yanabadilisha silaha zake.

Kisha ikaja sheria ya kwanza kubwa ya kudhibiti bunduki katika eneo letu: Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Ulizuia silaha za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa bunduki za zamani za gumegume. Mataifa yaliyosaini yalisema yanapiga vita biashara ya utumwa, na ni kweli hilo lilikuwemo. Lakini miaka hiyohiyo mataifa hayo yalikuwa yanagawana bara, na Mwafrika alibaki na gobore mbele ya bunduki ya rasharasha. Ndiyo sababu mojawapo magobore yamebaki kwenye mapori ya Tabora, Shinyanga na Geita hadi leo, mengine yakiwa ya kutengenezwa mitaani.

Kwa teke, gobore la kienyeji ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa hakuna anayejua litarudi kwa nguvu gani. Mtutu wake haukupimwa na kiwanda chochote, na ukipasuka unapasukia usoni kwa mwenyewe. Anayelinda nyumba kwa gobore lisilo na kibali amelala na hatari kubwa kuliko anayoihofia nje.

Siku iliyoongeza hofu kuliko zote

Rekodi hii haihusu Ngokolo moja kwa moja, lakini wakazi wa kanda yote waliilipia. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema halijawahi kuona watu wengi namna ile wakivuka mpaka kwa muda mfupi vile. Wengi walikuwa wanawake, wazee na watoto, na Tanzania iliwapokea. Ila vita vya Maziwa Makuu zilivujisha pia silaha, hasa ile tunayoiita SMG, bunduki ya jamii ya Kalashnikov ambayo imetengenezwa kwa wingi kuliko bunduki nyingine yoyote katika historia. Kwa miaka iliyofuata mabasi ya Kahama kwenda Ngara na Biharamulo yalisafiri kwa kusindikizwa na polisi. Fikra ya kwamba kila nyumba inahitaji bunduki yake ilipata nguvu wakati huo, na ndiyo inayoendelea kuzungumzwa vijiweni.

Njia ndefu zaidi: kibali

Marekani ndiyo nchi yenye bunduki nyingi zaidi mikononi mwa raia: makadirio ya mwaka 2017 yalionyesha bunduki 120 kwa kila watu 100. Tanzania, kwa makadirio hayohayo, haifiki moja kwa watu 100. Hilo halikutokea kwa bahati. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtaka mwombaji athibitishe kwamba anafaa na anajua kuitumia silaha, na kwamba ana mahali salama pa kuifungia. Ombi linaanzia mtaani, linapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, na mwisho linaamuliwa na polisi. Wapo wanaolalamika kuwa njia ni ndefu. Mimi naiona ndefu ipasavyo, maana kila ngazi ni watu wanaoulizwa kama mwombaji ni mlevi, ana ugomvi wa shamba, au humpiga mkewe.

Sheria inaendelea hata baada ya kufyatua. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vile vya 18A hadi 18C, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali yake, kwa nguvu isiyozidi inayohitajika. Mwizi aliyekwisha kuruka ukuta na kukimbia hahitaji risasi ya mgongoni, na atakayemuua hivyo anaweza kujibu shtaka la mauaji. Hilo ndilo teke la pili nililolitaja, na hakuna mpira wa kitako unaoweza kulipunguza.

Ulinzi uliokusanya watu wengi kuliko wote

Nimefika kwenye rekodi ninayoithamini kuliko zote, na ni ya nyumbani.

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, silaha zilitapakaa, uchumi ulianguka, na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutumia bunduki. Kwa Msukuma, ng'ombe ni mahari, benki na heshima. Polisi walikuwa wachache na mbali, na watu walisema waziwazi kwamba wapo wanaokula na wezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijijini upande wa Kahama, wananchi waliamua kujilinda wenyewe. Wakajiita Basalama, watu wa amani. Nchi nzima ikawajua kwa jina la Sungusungu.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kiasi cha kushangaza. Kila kijiji kilimchagua ntemi wake, katibu na kamanda, na viongozi hao hawakuwa wa serikali wala wa chama. Kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa awe na upinde, mishale na filimbi. Ukivamiwa usiku, unapuliza filimbi au unapiga mwano, ile sauti ya yowe ambayo kila Msukuma tangu utotoni anajua haina ruhusa ya kupuuzwa. Jirani anaipokea na kuipeleka mbele, kijiji cha pili kinaipokea, njia zote zinafungwa, na wafuata nyayo wanaanza kazi. Asiyetoka aliposikia mwano alitozwa faini. Aliyepatikana na hatia akagoma kulipa alitengwa: hapewi moto, hapewi maji, hakuna anayemsaidia kuzika. Kwa watu wa kijiji hiyo ilikuwa adhabu nzito kuliko jela.

Mwano haukuwa mpya. Ni desturi ya mababu. Jambo jipya lilikuwa ukubwa. Ndani ya miaka michache mtandao ule ulienea Shinyanga, Tabora na Mwanza, katika nchi ya Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na jirani zao Wanyamwezi. Ulivuka hadi kwa Wakuria wa Mara, na mwaka 1998 Wakuria wa upande wa Kenya wakauanzisha kwao. Serikali ilisita mwanzoni, kisha mwaka 1989 Bunge likabadilisha sheria za mgambo ili vikundi vya namna hiyo vipewe uwezo wa kukamata. Sijui ulinzi mwingine wa wananchi wa kawaida Afrika Mashariki uliokwenda mbali hivyo ukianzia kwa wafugaji wenyewe.

Na teke lake? Filimbi haina. Bibi wa miaka themanini anaweza kuipuliza. Haipiti ukutani ikamuua mtoto wa jirani, haihitaji kufungiwa kabatini, na mwizi akiipora haimpi nguvu yoyote. Hata upinde, ambao una nguvu ya kuua, haumrudii anayeuvuta. Zaidi ya hayo, filimbi inafanya jambo ambalo bunduki ya mtu mmoja haiwezi: inamwambia mwizi kwamba watu wanakuja, na inawaambia watu waende wapi.

Teke baya kuliko yote, nalo ni la umma

Kuwasifia Sungusungu bila kusema haya itakuwa kumdanganya msomaji. Umati nao unapiga teke, na rekodi zake ni za kutisha.

Kabla ya Sungusungu serikali yenyewe ilikosea. Katikati ya miaka ya 1970 ilianzisha operesheni ya kukomesha mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya yaliyotokea, ingawa hakuyatenda kwa mkono wake. Hadi leo ndiyo kujiuzulu kunakotajwa zaidi katika siasa za Tanzania, na kulitokana na mkoa huu.

Sungusungu nao, tangu siku zao za awali, waliwageukia wanawake waliosingiziwa uchawi sambamba na wezi. Mauaji hayo hayakukoma. Julai 2017, katika kijiji kimoja cha Nzega, wanawake watano waliuawa siku moja kwa tuhuma hizo. Kule Kisii, Kenya, jina la Sungusungu liligeuka kuwa la kundi lililoogopwa na wananchi walewale waliotakiwa kulindwa. Na kuanzia mwaka 2007 kanda hii iliona watu wenye ualbino wakivamiwa majumbani usiku kwa mapanga; hukumu ya kwanza ya kunyongwa kwa mauaji hayo ilitolewa Kahama Septemba 2009. Watoto walikusanywa kwa wingi Buhangija, hapahapa Shinyanga, kwa kuwa nyumba za wazazi wao zilishindwa kuwalinda. Wavamizi wengi walikuwa watu wanaoijua nyumba, wakati mwingine ndugu. Bunduki ya baba haisaidii kitu ikiwa mlango umefunguliwa na mjomba.

Kwa hiyo mwano una masharti. Unaita watu waje kukamata, na aliyekamatwa anakwenda kituoni akiwa hai. Mtaa usioweza kulitimiza hilo haujawa na ulinzi bado.

Risasi zilizogharimu zaidi

Mwadui iko kilomita chache kutoka hapa. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi pale, na mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Likachongwa London hadi karati 23.6, na wataalamu bado wanaliweka miongoni mwa mawe bora ya rangi hiyo duniani. Mgodi wa namna hiyo hulindwa kwa ua mrefu na walinzi wenye silaha, na wabeshi, vijana wanaoingia usiku kuchekecha mchanga, wamekuwa wakipambana nao kwa miongo mingi.

Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, mmiliki mkuu wa mgodi wakati huo, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 waliolalamikia vipigo, risasi na vifo vilivyohusishwa na ulinzi wa mgodi. Kama kampuni yenye mawakili, mafunzo na bima ilifikia malipo hayo kwa namna walinzi wake walivyotumia nguvu, fundi cherehani wa Ngokolo atajibu vipi kwa risasi moja iliyokwenda pembeni?

Rekodi ndogondogo zinazofaa kujulikana

Ua wa bei ndogo kuliko wote ni minyaa. Wasukuma wamezungushia miji yao kwa mti huu tangu zamani. Unashika kwa kipande cha tawi, mifugo haiugusi, na utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, hivyo mwizi hupenda kupita kwingine. Ukipanda, wafundishe watoto wasiuchezee.

Chombo cha uvamizi kilichovunja milango mingi kuliko vyote hakina risasi: ni lile jiwe kubwa wanaloliita Fatuma, linalobebwa na watu wawili au watatu na kugongeshwa mlangoni. Dawa yake ni fremu ya chuma iliyochomelewa vizuri na komeo la ndani juu na chini. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya bastola.

Mbwa wa kienyeji ndiye mlinzi anayeamka haraka kuliko wote. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka.

Na hatua iliyoondoa mali nyingi zaidi chini ya vitanda vya kanda hii, kwa maoni yangu, ni soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini. Kabla yake mchimbaji alilala na dhahabu akimngoja mnunuzi, na mnunuzi alilala na mabunda ya noti. Ongeza pesa za kwenye simu, zilizoanza kwa M-Pesa mwaka 2008, na utaona kwamba kila shilingi isiyolala ndani imempunguzia mwenye nyumba sababu ya kutafuta bunduki.

Hukumu

Kwa anayeuliza kutoka Ngokolo, nampa jibu kwa mpangilio. Anza na mlango, taa ya nje na majirani kumi ambao namba zao ziko kwenye simu yako na ambao mmekubaliana nani atatoka, nani atapiga simu polisi, nani atabaki na watoto. Nunua filimbi, moja kwa kila chumba. Jiunge na ulinzi shirikishi wa mtaa wako na lipa mchango wake kwa wakati. Ukishafanya hayo na bado una sababu ya kuwa na bunduki, omba kibali kihalali, chagua namba 20 yenye uzito wa kutosha kuliko bastola nyepesi, jifunze kwa mkufunzi hadi mwili uache kuiogopa, na uifungie mbali na risasi zake. Na kama ndani mwako lipo gobore au silaha yoyote isiyo na kibali, usiisubiri ikurudie: Umoja wa Afrika umeutenga Septemba wa kila mwaka hadi 2030 kuwa mwezi wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na polisi wetu wamekuwa wakitangaza msamaha huo. Fuatilia tangazo lake, kisha ipeleke.